Mpangaji Asiyesajiliwa

Tampere, wiki ya pili ya Julai.
Ofisi zimefungwa, watu wamekwenda kwenye vibanda vyao vya ziwani,
jua limezama shingo upande.
Saa tisa usiku, usiku wa jina tu,
simu ya Aune Kallioniemi inalia:
*Ghorofa ya nne. Ukumbi wa mashariki. Yumo mtu mmoja.*

Anavaa koti juu ya nguo za kulalia.
Jengo hili analijua
kama mzazi ajuavyo kikohozi cha mwanawe:
nguzo za msonobari ambazo bado hutoa utomvu siku za joto,
paa lililoota nyasi,
na vihisi elfu mbili, vidogo kama punje za mtama,
vinavyopima jasho la mbao, pumzi za watu,
kiu ya ukuta wa kangaga.

Siku ya ufunguzi msanifu Ekholm alisema,
"Tumeuleta msitu ndani ya nyumba,"
nasi tukapiga makofi.
Msitu wenyewe ulikuwa umehesabiwa:
kangaga mia sita, maji kwa matone,
mwanga kwa ratiba,
na hakuna mdudu hata mmoja aliyealikwa.

"Nani yupo?"
Taa zinawaka mbele yake, zinazima nyuma yake,
kama watumishi wenye adabu kupita kiasi.
Hakuna mtu.
Viti vimeinama mezani. Kuvumwani kunanywa maji, kimya.

Halafu sakafuni, doa jeupe.
Na jingine.
Anainua macho.

Juu ya boriti, ubavuni mwa kihisi namba 1408,
kibakuli cha tope kilichofinyangwa bila ramani,
na ndani yake mbayuwayu,
na vinywa vitano vya manjano vikidai haki yao.
Joto la vifaranga, jumlisha joto la mama:
mashine ilipiga hesabu, ikapata mtu mmoja.

Aune anafungua kumbukumbu.
Mei ishirini na sita, joto kali,
jengo lilifungua madirisha ya juu ili lipumue.
Tangu hapo, kila alfajiri, dirisha la kumi na mbili
limekuwa likifunguka kwa ajili ya mfanyakazi huyo
asiyejua likizo.
Juzi mashine ilimwandikia ushauri:
*Umekaa kazini saa nyingi mno. Tafadhali pumzika.*

Anacheka peke yake, kwa sauti,
na taa mbili zaidi zinawaka kusikiliza.

*Hitilafu. Ifutwe? Ndiyo. Hapana.*
Kampuni ya usafi inakuja saa moja asubuhi,
na ngazi, na brashi zenye mipini mirefu.

Anamkumbuka babake, ghala la Kauhajoki,
ubao mmoja juu ya mlango uliopungua shubiri moja.
Kila kiangazi majirani walimwambia, "Zibeni hapo, baridi itaingia."
Kila kiangazi aliitikia, "Nitaziba."
Hakuwa na neno la kisomi kwa jambo hilo.
Ni yeye mwenyewe aliyeukata ubao ule, kwa msumeno.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe;
huyu kaja na tope lake mdomoni,
kajenga kwanza, hodi hakupiga.

Kidole kinaelea juu ya *Ndiyo*.
Kinaondoka.
Anasajili mpangaji mpya.
*Jina?* Mbayuwayu.
*Idara?* Anafikiri kidogo. Usanifu.
*Mwisho wa mkataba?* Agosti, wakishaweza kuruka.
*Mahitaji maalumu?* Dirisha la kumi na mbili. Usiku na mchana.

Mashine inatafakari, duara dogo likizunguka,
kisha: *Karibu, Mbayuwayu.
Ungependa nyuzi ngapi za joto?*

Hilo Aune analiacha bila jibu.
Anaandika karatasi kwa watu wa usafi, anaibandika mlangoni,
anatandika gazeti la jana chini ya boriti,
ukurasa wa michezo ukiangalia juu,
na kurudi nyumbani kulala, mchana kweupe.