Moja kwa Mia

Mchana napima dagaa Kirumba Mwaloni,
gunia baada ya gunia, kilo daftarini.
Usiku, chumbani kwangu Igogo,
napima meli.

Stima Lukuba: futi mia mbili na kumi enzi zake,
kwangu sentimita sitini na nne, omo hadi tezi.
Mtu mzima humo
hazidi punje tatu za mchele.

Bati nanunua Makoroboi, kwa mafundi wa vibatari,
makopo ya maziwa yaliyokwisha kunyooshwa.
Vioo vya madirisha ni picha ya eksirei,
goti la mama, lile la kushoto;
ukiwasha taa nyuma yake
chumba cha nahodha kina kivuli cha mfupa.
Ribiti nazitoboa kwa sindano, upande wa ndani,
kichwa kimoja kimoja kichomoze nje kama kipele.
Ubavu wa kulia pekee: elfu moja mia nane na nne.
Jirani huuliza, itaelea?
Namwambia haikuumbwa kuelea.
Hunitazama, akaenda zake kuteka maji.

Mchoro niliungoja miezi saba
kutoka chumba cha nyaraka za reli.
Ulikuja umekunjwa mara nane, unanuka panya.
Sitaha ya juu imechorwa hadi kibao cha kofia,
meza ya karata, kioo cha kunyolea,
ndoano ya taulo.
Sitaha ya chini ni mstatili mtupu
na neno moja katikati: Mizigo.

Nikajenga hivyo. Mchoro ni mchoro.

Ndipo akaja mizanini Bi Nyanjura Magesa
na magunia mawili ya furu wakavu,
akanibishia nusu kilo, akashinda,
na katika kubishana akataja Lukuba:
aliipanda akiwa binti, Nansio kuja Mwanza.
Nikamfungia mizani saa tisa. Nikampeleka Igogo.

Hakutazama meza ya karata.
Aliinama, akabandika jicho kwenye ubavu wa bati.
"Mlango wetu uko wapi?"
Mlango gani, bibi?
"Wa chini. Tulioingilia na mikungu ya ndizi.
Tukishaingia, bawabu anasukuma komeo. Kwa nje."
Nikamwonyesha mchoro, nikasema mchoraji hakuuweka.
"Mchoraji," akasema, "alilala juu."

Watu wa pwani wana neno lao:
kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Mimi miaka miwili nilikwenda tezi na omo.

Usiku ule niliupasua ubavu.
Ribiti mia mbili na kumi na sita zikaanguka na kipande,
sikuziokota.
Mlango ukawa milimita kumi na nane kwa tisa,
bawaba za waya wa simu,
komeo la pini ya nepi.
Vidole vilitaka kuliweka ndani,
mahali ambapo mtu angeweza kulifikia.
Vilitaka sana.
Nikaliweka nje.

Jumapili Bi Nyanjura alirudi, kanga ya kanisani,
akavuta komeo kwa ukucha wa kidole kidogo.
Likafunguka.
Alikaa kimya hadi chai yake ikafanya utando.
"Mmoja awe na mkungu," akasema. "Na ndala moja.
Ya pili ilibaki Nansio."

Ndala ya mtu wa punje tatu za mchele,
nimejaribu kwa ganda la kitunguu, imekunjamana.
Kwa kipande cha puto, imekubali.

Imebaki dohani. Picha zote ni nyeusi na nyeupe.
Bi Nyanjura anasema ilikuwa rangi ya ugali wa udaga.
Mzee Tungaraza wa Pasiansi,
ambaye baba yake alichochea makaa humo,
anaapa ilikuwa nyekundu, na anakasirika.
Nina makopo mawili ya rangi mezani
na brashi kavu.
Kesho kuna magunia.