Uji wa Februari

Kwa Mweka Hazina wa Halmashauri, Urambo.

Nakiri kupokea ruzuku:
milioni nne na laki mbili,
imeingia benki Juni ishirini na saba, saa tisa alasiri.
Tuliiomba Septemba, mashamba yangali majivu.
Barua yako yasema itumike yote kabla ya tarehe thelathini,
bakaa irejeshwe.

Siku tatu, mzee wangu.
Uji wa Februari nitaunywaje Juni?

Maana Februari ndipo tulipomleta Minani.
Wa nane kuzaliwa, ndivyo jina linavyohesabu kwao Kasulu;
kwenye daftari langu, wa kumi na tisa.
Alipandishwa treni na mtu wa kuitwa mjomba,
akaahidiwa shule.
Shule ikawa bani la tumbaku:
kuchochea kuni usiku, kutapika asubuhi,
vidole vimeganda gundi nyeusi
tuliyoisugua kwa majivu na ndimu siku nne
ndipo kucha zikaonekana.

Mkaguzi wako ametia wino mwekundu:
"Pikipiki, elfu kumi na tano. Hakuna risiti."
Ni kweli, hakuna.
Ng'wandu alikwenda saa nane za usiku,
pikipiki ina taa moja nayo inasinzia,
njia ya msituni, matope hadi kwenye injini,
akarudi na mtoto amefungwa mgongoni
kwa kanga ya mkewe.
Mashine ya risiti angeipakia wapi?

Unga tulikopa kwa Nyanzobe.
Machi alinipimia na nyongeza.
Aprili aliacha kunisalimu.
Mei alinisalimu
kwa kutaja kiasi.
Tukala michembe, tukaimaliza,
tukawaambia watoto usiku ni mfupi.

Halafu Juni kumi na sita, sikukuu yao,
yakaja mahema, zikaja spika,
zikaja fulana za njano, kifuani MLINDE MTOTO.
Ya Minani ilimfika magotini.
Fulana zina kasma yake, nikaelezwa,
na kasma hiyo huwahi.

Jana afisa manunuzi alininong'oneza: nunua viti.
Viti mia vya plastiki, risiti papo hapo, hoja imefungwa.
Nikaviona vimepangwa uani, vyeupe, vitupu,
na watoto wamekaa chini wanavitazama.

Sikununua.
Nimelipa zahanati, nimemlipa mwenye nyumba,
nimekwenda dukani kwa Nyanzobe nikamhesabia mkononi.
Alihesabu mara mbili, kisha akaniuliza hali ya watoto.
Risiti yake ni ya Juni. Kalamu yangu haijazoea kudanganya,
nimeandika pembeni:
"Unga, Februari hadi Mei. Ulishaliwa."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tulikaririshwa chuoni, na wala sibishi.
Lakini mtoto je, mzee wangu?
Yuko mwanamke Kasulu hadi leo
anawaambia majirani mwanawe anasoma.

Kielelezo cha tano ni karatasi ya mistari.
Minani ameandika moja, mbili, mpaka nane,
akaweka penseli chini.
"Hapa ndipo mimi," akasema.
Sikumhimiza aendelee.

Bakaa ni shilingi mia sita. Nimeirejesha, hati nimeambatisha.
Maombi ya mwaka mpya yamo humu humu kwenye bahasha.
Sasa tuna watoto ishirini na watatu.
Yasome mapema, tafadhali.
Vitalu vya tumbaku huandaliwa Agosti,
na treni ya Kigoma
haijawahi kungoja kasma.

Yustina Kashindye,
mtunza hesabu.