Nyama Iliyofunga Mwezi

Siku ya vunja jungu, wenzangu wakila kwa pupa,
nilikwenda Marikiti nikamwambia Shebwana:
nikatie mbavu na sarara yake, usizitenganishe,
mafuta yaache yalivyo.
"Kilo nne na robo. Una wageni wangapi?"
Sina wageni. Ni mimi na friji.

Friji yenyewe ya mteja wa Bondeni
aliyeileta kompresa imekufa, akasema atarudi Ijumaa.
Ijumaa ya mwaka gani, hakusema.
Nikaifufua. Nikaiosha kwa siki hadi pembeni kwenye mpira,
nikatia kifeni cha kompyuta kikavuma,
chini sinia la chumvi ya mawe,
juu wavu, na juu ya wavu nyama,
uchi, haina hata kitambaa.
Mlangoni nikachora kwa chaki kijistari kimoja.

Mji huu chumvi hulia machozi ndani ya kopo,
biskuti hulegea kabla haijafika kinywani,
na suruali ya jinzi hukauka kwa dua.
Hapa ndipo nilipotaka kukausha.

Mamangu, Bi Mwanatumu, nyama kwake ni ya leo:
alfajiri imechinjwa, adhuhuri iko chunguni.
Ikiwa ngumu, papai bichi lina kazi gani?
Nikamwambia mstahimilivu hula mbivu.
Barke akadakia kutoka jikoni:
"Mbivu, walisema. Hawakusema mbovu."

Kumi la kwanza ikashika ngozi.
Siku ya kumi na moja, watu wako tarawehe, stima ikapotea.
Nilikimbia Liwatoni na kanzu yangu,
nikarudi na barafu kwenye mifuko niliyoifunga mafundo matatu
lisidondoke hata tone,
nikakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango wa friji,
kama mlinzi wa benki isiyo na pesa.
Iliporudi, saa nane usiku, kifeni kikakohoa, kikaendelea.

Kumi la pili ilinukia korosho,
na nyuma ya korosho, soli ya kiatu kipya.
Nilikuwa nikifungua saa kumi jioni, njaa imenikaba,
navuta pumzi moja tu, nafunga.
Sijamuuliza shehe kama pua nayo hufuturu.

Mshipi wangu ulirudi tundu la pili.
Nayo ilikuwa ikipungua, tukipungua pamoja,
ila yenyewe ilitoa maji ikabaki na ladha,
mimi nilitoa maji, hasira zikabaki.
Waulizeni wateja wangu.

Vijistari ishirini na tisa.
Usiku ule mwezi ukaonekana kwa waliouona.
Ghorofani kwa ndugu yangu Feruzi, Idi.
Chini kwetu, daku.
Asubuhi akashuka na kanzu inayonukia udi:
"Haya, fungu langu."

Nikakata nimefunga.
Ganda jeusi lilitoka kama ukoko wa wali,
paka wa mtaa mzima wakaja kunipa mkono wa Idi,
na ndani, wallahi, wekundu wa choya iliyolala majini.
Kilo mbili na nusu, basi.
Nikaikaanga kwa mafuta yake, chumvi, hakuna kingine.
Feruzi alikula kasimama.
"Vipi?" nikamuuliza.
Akainua kidole kimoja, ningoje.
Akakata kipande kingine.
Mpaka leo hajanijibu.

Kesho yake ikawa Idi yangu.
Nikafungua friji: wavu mtupu.
Mama alikuwa jikoni, mikono mieupe ya utomvu.
"Nilikuonea huruma, mwanangu. Imekauka vile, mwezi mzima!
Nimeilaza kwa papai na tangawizi tangu jana magharibi."

Aliipakua mwenyewe.
Kijiko kiliipita bila kusimama.
Alikuwa akinitazama mdomo, kama nilipokuwa mtoto wa homa.
Nikatafuna kisichohitaji kutafunwa.
Nikamwambia: ya leo hii, mama.
Ya leo hasa.