Nusu Kidonge

Nimekata nguo za wafalme wa maigizo
miaka thelathini na mmoja, chini ya jukwaa la Tartu,
na najua jambo moja kwa yakini:
hakuna bega linalofanana na bega.
Hata la kushoto na la kulia la mtu mmoja
hudanganyana.

Baba yangu, Heldur, alipewa vidonge vya kila mtu,
vya kuzuia damu isigande.
Kimoja asubuhi, kama wengine,
naye alikuwa mtu wa kutii: jeshini alivaa miaka miwili
koti lililomfika vifundoni
na hakulalamika.
Februari, theluji imefika madirishani,
zikaanza fizi. Kisha pua.
Kisha mto, asubuhi ile.
Bahati mbaya, alisema daktari.
Nikaifua foronya mara tatu.
Bahati mbaya haitoki kwa sabuni.

Sasa zamu yangu. Moyo unaruka mishono.
Dakta Kärt Loodus haandiki kitu kwanza.
Anaifungua damu yangu, ile niliyoitoa miaka kumi na minne nyuma
kwa ajili ya utafiti, nikapewa juisi ya tufaha na kalamu,
na fomu ya kurasa kumi na moja
niliyotia sahihi bila kuisoma yote.
Anageuza skrini. "Hapa," asema, "herufi moja.
Ini lako halina haraka. Dawa ikiingia
inakaa kama mgeni aliyesahau kwao."
Nusu kidonge, basi. Nusu tu.

Herufi moja katika bilioni tatu!
Mimi niliwahi kupoteza sindano kwenye zulia la jukwaa,
nikaitafuta kwa magoti hadi alfajiri,
kwa hiyo nauliza: aliyeiona hii ni nani?
Anacheka. Si mtu mmoja.
Kuna binti yuko Uppsala, kuna mzee wa hesabu Nagoya,
kuna mashine zinazopapasa damu za maelfu
kama mimi ninavyopapasa mshono gizani.
Wamekopeshana vipande, kila mmoja alichonacho,
na hakuna anayejua jina langu. Kwao mimi ni namba.
Nikafurahi. Kisha sikufurahi.
"Na nikitaka kuirudisha?"
"Piga simu, itafutwa."
Sijapiga. Lakini namba ya simu
nimeishonea ndani ya pochi.

Nilimsimulia Thu Hà, ninayegawana naye meza ya kukatia.
Kazaliwa Hải Phòng, ana moyo mkaidi kama wangu.
Yeye naye alikwenda. Skrini ikamjibu:
data hazitoshi.
Ile mitambo ilifundishwa kwa mabega yetu,
watu wa viazi na baridi;
kwake inakisia, kama nilivyokisia zamani
kiuno cha mwimbaji mgeni kwa picha iliyoletwa na posta.
Nguo ilipasuka onyesho la pili, mbele ya watu.
"Wanaandikiana na hospitali moja ya kwetu," akasema.
"Mkataba bado. Mwaka kesho, labda."
Akaivuta futi kutoka shingoni mwangu,
akajipima kifua, akaitazama namba,
akanirudishia bila neno.

Nyumbani nakikata kidonge
kwa wembe wa kufumulia.
Nusu naimeza.
Nusu ya pili, ile iliyomzidi baba,
naiweka ndani ya kastabini
na kuifunika kwa kiganja.