Kwa Hesabu ya Arobaini

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu, umande bado.
Bwana Mbawala katugawia mapanga, glavu,
kopo moja la dawa kwa kila watu wawili.
Vibarua kumi na wanne mbele ya kibao cha Pande.
"Leo," kasema, "tunaanza na mwarobaini."

Msafiri akacheka. Kumbe si utani.

Mwarobaini!
Mti niliofukiziwa chini ya shuka la bluu
nina miaka sita, homa imenibana mbavu,
Mama kanishika kisogo: vuta, vuta tena,
na machozi yangu yanadondokea sufuriani.
Mti wa tumbo, wa upele, wa mswaki,
wa majani makavu ndani ya gunia la mahindi
ili wadudu wakale kwa jirani.
Leo naambiwa: huu ni mgeni. Ung'oe.

Mche wa kidole gumba, toa na mzizi mkuu.
Unene wa mkono, kata, paka dawa kisiki kingali kibichi.
Ulioshiba usiukate, utachipua kwa hasira:
uvue gome, pete ya upana wa kiganja, uzunguke wote,
uuache ufe umesimama.

Arobaini moja. Arobaini mbili.
Nahesabu hivyo kwa kuwa tunalipwa kwa mche,
na jina lenyewe limenifundisha kuhesabu.
Za mwizi ni arobaini, kasema Msafiri.
Mwizi ni nani hapo, hakusema.

Chini yake mpingo, mwembamba kama mkono wa mgonjwa.
Una umri kunizidi, na haujanifika kifuani.
Haujui kugombania jua.
Juu wageni wamefunga kivuli
kama turubai la msiba.

"Mbegu zinatoka wapi?" nikauliza.
Bwana Mbawala hakujibu. Alinyoosha panga
ng'ambo ya barabara ya vumbi: mabati, tangi jeusi la maji,
na kilele kimoja cha kijani.
Ni wa kwetu.

Mama aliupanda baada ya mafuriko,
Msimbazi ulipoingia ndani ukapanda kitandani,
tukaletwa Mabwepande kwenye mahema,
tukapewa kiwanja kwa namba.
Jangwani alitoka na vitu vitatu:
cherehani isiyo na meza, picha ya marehemu Baba,
na mche ndani ya kopo la maziwa.
"Huku hakuna hata kivuli," alisema,
msitu mzima kaupa kisogo.

Matunda yakiiva njano shorewanda wanajaa,
wanakula kwetu, wanakunya kwa serikali.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Jembe hili tumemwingiza nalo mizizini.

Jioni nikamwambia. Alikuwa anachambua mchicha.
Akamaliza fungu zima ndipo akajibu.
"Na sisi? Sisi tulifika lini?
Nani anakuja kutuvua gome?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa na malengelenge.
Nikasema, Mama, mpingo hauna kwingine pa kwenda.
Akasema, sisi je.

Hatukuukata. Siandiki ushindi hapa.
Ila alfajiri nasikia ufagio:
anazoa matunda kabla ndege hawajaamka,
wazimu wa mwanamke mmoja na fagio la chelewa,
na yaliyo juu, asiyoyafikia, anayatukana.
Majani akiyahitaji namletea ya msituni,
mfuko mzima, ya miti niliyoiangusha mwenyewe.
Anachemsha, anaonja.
Anasema uchungu ni uleule.

Jana nimevua buti mlangoni.
Mbegu moja ikadondoka, na tope la soli.
Nikaimulika kwa simu, muda mrefu,
nikijaribu kukumbuka
kama nimeitoa kule kuileta huku,
au asubuhi nilikuwa naipeleka.