Karatasi Ndani ya Kisanduku

Sista Letasi alitaka kuitupa.
Nikamwambia, nipe. Mimi ni msubu:
siwezi kutiwa kitu nisichojua
kimechanganywa na nini.
Akacheka, akanipa, pamoja na kipande cha pamba
nibane pale aliponichoma.

Ilikuwa nyembamba kama ya kusokotea sigara,
imekunjwa mara nane, labda tisa.
Ilipofunguka ikanifunika magoti yote mawili
hapo kwenye benchi la zahanati, Oli, mjini Arua,
nilipoamriwa nikae robo saa, nisiinuke.

Juu kabisa, kwa herufi nene, wageni wanne.
Dondakoo, atandaye utando kooni mpaka pumzi ikose njia.
Pepopunda.
Kifaduro, kikohozi cha siku mia.
Na polio, ambayo hata Waswahili tumeiacha na jina la kukodi,
maana kila mtaa ulikuwa na mtu wa kuielezea:
kwetu, Asindu wa baiskeli ya mikono.

Wote wamo, ila wamevuliwa silaha.
Sumu iliyofugwa ikasahau kuuma.
Vipande vya kijidudu, si kijidudu kizima.
Virusi vilivyouawa, mwili uvisome sura tu.
Halafu nikaona: chumvi ya alumini.
Alumini!
Nilicheka peke yangu; mama mmoja akamvuta mwanawe karibu.
Miaka ishirini na sita nayeyusha injini mbovu
nipate sufuria za watu,
moshi wake naumeza bure,
na leo nimepimiwa kiasi kisichofika uzito wa punje ya wimbi.

Mstari wa chini: mabaki ya formalini.
Ile ya mochari? Nikamwita Sista.
"Mabaki," akasema.
"Kama moshi unaobaki shatini kwako hata baada ya kufua."
Na maji. Mengine yote maji.

Nikaigeuza.
Yanayowapata wengi: maumivu, uvimbe, wekundu.
(Wekundu huo utaonekana wapi kwenye ngozi hii?)
Yanayowapata baadhi: homa, kichwa, viungo, kichefuchefu.
Yanayompata mmoja kwa nadra sana: uso kufura, pumzi kubana.
Kumbe ndiyo maana ya benchi,
na ya kile kichupa kingine
alichokiweka Sista karibu na mkono wake
bila kusema neno.

Saa tano usiku bega la kushoto likawa la mtu mwingine.
Nuraisha akanishika paji. "Unachemka."
"Imeandikwa," nikasema.
Kichwa kikaja. Kimeandikwa.
Magoti. Yameandikwa.

Abdunuru hakuandikwa.
Mdogo wangu, aliyezaliwa kibandani Ariwara, ukimbizini,
kitovu kikakatwa kwa wembe uliokwisha kunyoa watu.
Siku ya sita akaacha kunyonya.
Taya zikafunga, mgongo ukapinda kama upinde,
na mlango ukilia tu, anakakamaa.
Wazee walisema pepo.
Ningewabishia vipi, mtoto wa miaka saba,
na lugha yenyewe ilikuwa upande wao?
Pepo. Halafu punda.
Nilimtafuta huyo punda nyuma ya kibanda siku mbili.

Asubuhi homa imeondoka.
Uvimbe umebaki, mgumu, kama yai la kanga.
Karatasi nimejaribu kuirudisha kwenye mikunjo yake,
imekataa, nimeitia mfukoni hivyo hivyo, imevimba.

Kiwandani, Anguzu anapepeta mchanga wa kalibu
bila viatu, katikati ya misumari na vipande vya bati.
Amesikia. Anauliza kama inauma.
Inauma, nimemwambia.
Alhamisi tunakwenda wote.
Mpe Sista mkono usioshika upawa.