Sekunde Saba

Oulu, Januari, saa tisa alasiri na giza limeshaingia.
Hilkka amezima sauti ya video.
"Jitazame kwanza," asema. "Kujisikia baadaye."

Tuulikki anajitazama:
mgongo, mgongo, kisha mgongo,
mkono unaokimbia na chaki kama mdaiwa aliyemwona mdai.
Shahada ya uzamivu, miaka mitano ya kupima nyufa za barafu,
na hakuna aliyewahi kumwambia
kwamba darasani ana kisogo tu.

Sauti inarudishwa.
"Kuna swali?" anauliza yule wa kwenye video,
na hata mate hayajakauka
ameshafuta ubao.
Sekunde moja na nusu. Hilkka amehesabu.
"Hilo halikuwa swali. Ulikuwa unafunga mlango kwa adabu."

Wiki nzima anafanya mazoezi ya kunyamaza,
akisubiri basi, akisubiri birika,
moja, mbili, tatu.
Kujua alijua; kujuza ndiko kugumu.

Jumatatu. Wanafunzi arobaini na makoti yao mazito.
Anauliza kwa nini barafu hulia kabla ya kupasuka.
Anageuka. Anawatazama.
Nne. Tano. Mtu anakohoa.
Sita, na ulimi unamwasha, jibu analo, tamu kama pipi,
analimeza.
Saba.

Nyuma kabisa, karibu na kipasha joto, mkono unapanda nusu,
kama haujui ni wa nani.
"Samahani. Mimi nilipotea tangu wiki ya pili."

Tuulikki anaweka chaki chini.
Hajawahi kupewa zawadi kama hiyo.
"Haya," asema, "turudi wiki ya pili."